Nyumba Huchakaa, Kiwanja Hupanda

Katika vitongoji vya matajiri vya Nairobi kuna jambo ambalo limejirudia mno tangu miaka ya 2000. Mtu ananunua nyumba Kileleshwa au Lavington, nyumba yenye paa la vigae, sakafu ya mbao na bustani iliyotunzwa miaka mingi. Muda si mrefu tingatinga linaingia na nyumba inabomolewa. Mnunuzi hakudanganywa. Alijua kabla ya kutia saini kwamba ataibomoa, na bado alilipa mamilioni. Alinunua nini?

Kusema kwamba alinunua ardhi ni kweli, lakini jibu hilo halitufikishi mbali. Mkoa wa Luapula, Zambia, nako kuna ardhi, tena pana, na kijijini mtu anaweza kupewa pa kujenga na chifu wake bila kulipa bei ya soko. Kwa nini kipande cha ardhi kiwe na bei kubwa Nairobi na kisiwe na bei Luapula, ilhali mvua ni mvua na udongo ni udongo? Ili tuelewe, afadhali tuanzie mahali ambapo hakuna dalali wala hatimiliki, tuone bei inavyozaliwa. Tuanzie Kenani.

Kenani iko wilaya ya Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Mwaka 2017, vita vilipowafukuza watu wa mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi wakitoka Pweto na Moba, hapo ndipo kituo cha kuwapokea kilipowekwa. Watu walikaa katika mahema. Kuanzia mwaka 2018 familia zilihamishiwa Mantapala, katika wilaya hiyohiyo, zikapewa mahali pa kujenga na pa kulima. Hakuna aliyenunua. Kwa mtu anayetaka kuchunguza thamani ya ardhi, hali kama hiyo inasaidia sana, kwa sababu fedha imeondolewa na kilichobaki ni watu, maji na umbali.

Tuchukue familia mbili za kubuni katika makazi ya namna hiyo. Kila moja ina watu watano, na viwanja vyao vinalingana kwa ukubwa, kwa udongo na hata kwa kibanda kilichosimama juu yake. Tofauti ni moja tu: familia ya kwanza iko mita 50 kutoka kwenye pampu ya maji, ya pili iko kilomita 1. Viwango vya misaada ya dharura vinataka mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Watu watano ni lita 75, yaani karibu madumu manne ya lita 20. Dumu moja likijaa lina uzito wa kilo 20, kwa hiyo mtu hubeba moja kwa safari. Kwa familia ya kwanza, safari nne za kwenda na kurudi ni mita 400. Kwa ya pili ni kilomita 8. Tofauti ni zaidi ya kilomita 7 kila siku, na kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo hiyo ni karibu saa mbili za mama au za binti ambaye angekuwa shuleni.

Saa mbili hizo ndizo mbegu ya bei ya ardhi popote duniani. Familia ya pili ingekubali kutoa kitu ili ihamie kwenye kiwanja cha kwanza, na ingekubali kutoa hadi kufikia thamani ya saa mbili kwa siku. Zaidi ya hapo ni afadhali iendelee kutembea. Kitu hicho ambacho ingekubali kutoa ndicho kodi ya mahali. Angalia kwamba mwenye kiwanja cha kwanza hakufanya lolote: hakuchimba kisima wala hakuleta pampu. Pampu ikihamishiwa upande wa pili wa makazi, faida yake yote inahama nayo usiku mmoja, na kibanda chake kinabaki kilekile.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1817 David Ricardo wa Uingereza alieleza kodi ya shamba kwa kulinganisha udongo mzuri na udongo mbaya kabisa ambao bado unalimwa. Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mkulima wa kaskazini mwa Ujerumani aliyeandika hesabu za shamba lake kwa uangalifu mkubwa, aliuondoa udongo kwenye hesabu akaacha umbali wa kufika sokoni peke yake. Wote wawili walifika palepale: kodi ya mahali ni tofauti kati ya mahali hapo na mahali pabaya zaidi ambapo watu bado wanalazimika kukaa.

Mtu atauliza kwa nini ushindani usiishushe kodi hiyo. Bei ya chisense, samaki wadogo wa Ziwa Mweru, ikipanda katika soko la Kashikishi, mitumbwi mingi zaidi itaingia ziwani usiku na taa zake, samaki wataongezeka sokoni na bei itarudi chini. Kiwanja hakina mitumbwi. Hata kodi ya mita 50 kutoka kwenye pampu ikipanda mara kumi, hakuna anayeweza kuzalisha mita nyingine 50 kutoka kwenye pampu ileile. Anayeweza kushusha kodi hiyo ni yule atakayechimba kisima cha pili, na hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo siasa yote ya ardhi.

Sasa tuiingize fedha. Tuseme kiwanja karibu na pampu kinapangishwa kwa kwacha 500 kwa mwezi zaidi ya kile cha mbali, yaani kwacha 6,000 kwa mwaka. Mtu anayetaka kukinunua moja kwa moja atajiuliza: fedha hii nikiiweka kwingine itanipa nini? Kama kwingine inatoa asilimia 12 kwa mwaka, basi fedha inayozalisha kwacha 6,000 ni kwacha 50,000, na hiyo ndiyo tofauti ya bei. Kama kwingine inatoa asilimia 8, tofauti inakuwa kwacha 75,000. Kodi haijabadilika hata senti, na bei imepanda kwa nusu.

Kuna hatua moja zaidi, na hii ndiyo inayoendesha vitongoji vya matajiri. Tuseme fedha kwingine inatoa asilimia 12, lakini mnunuzi anaamini kodi ya kiwanja itakua kwa asilimia 4 kila mwaka. Katika hesabu, ukuaji unatolewa kwenye riba: 12 toa 4 ni 8, na bei inakuwa kwacha 75,000. Akianza kuamini kwamba kodi itakua kwa asilimia 6, kinachobaki ni 6 na bei ni kwacha 100,000. Leo kodi bado ni kwacha 6,000. Imani yake kuhusu kesho imeongezeka kwa pointi 2 tu za asilimia, na bei imeruka kwa theluthi nzima. Kila ninaposikia bei ya viwanja mahali fulani imelipuka, swali langu la kwanza ni hilo: kodi imepanda, riba imeshuka, au ni imani ya watu iliyobadilika? Ni mambo matatu tofauti, na la tatu halikai sana.

Zambia iliwahi kufanya jaribio kubwa kuhusu haya, na naona halikumbukwi inavyostahili. Tarehe 30 Juni 1975 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba umiliki wa kudumu wa ardhi umekwisha. Ardhi yote ikawa chini ya Rais kwa niaba ya taifa, na waliokuwa na hati za kudumu wakapewa ukodishaji wa miaka 100 kuanzia tarehe 1 Julai. Sheria ya mwaka huo ikasema ardhi tupu haina thamani ya kuuzwa. Ungeweza kulipwa kwa nyumba, kwa ukuta au kwa miti uliyopanda, lakini si kwa kiwanja chenyewe. Kaunda alikasirishwa na watu waliokuwa wakihodhi viwanja mijini na kuviuza kwa faida kubwa bila kuviendeleza, na nadhani hasira yake ilikuwa ya haki.

Saa mbili hazikusikia tangazo. Kiwanja cha Lusaka kilicho karibu na kazi, shule na maji kiliendelea kuwa bora kuliko cha mbali, na watu waliendelea kukitaka. Kwa kuwa sheria iliruhusu kulipia kilichojengwa tu, fedha ilijificha ndani ya kilichojengwa. Msingi wa nyumba uliofika usawa wa magoti, au kuta zisizoezekwa, ziliuzwa kwa bei ambayo saruji na matofali yake visingeweza kuieleza kamwe. Mnunuzi, muuzaji na karani walijua kinacholipiwa ni nini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 ndiyo iliyokubali tena waziwazi kwamba ardhi tupu ina bei, ikaweka ukodishaji wa miaka 99 unaoweza kuhuishwa. Kwa miaka ishirini serikali ilikuwa imeamua nani aruhusiwe kuipokea kodi ya mahali na kwa jina gani. Kuifuta kodi yenyewe hakukuwa ndani ya uwezo wake.

Kuhusu hiyo miaka 99, watu wengi huiogopa, wakidhani hati ya miaka 99 ni kitu pungufu sana kuliko hati ya milele. Hesabu haikubali. Kwacha 1 utakayoipata baada ya miaka 99, kwa riba ya asilimia 8, leo ina thamani ya sehemu tano tu katika sehemu elfu kumi za kwacha. Kwenye kiwanja chetu cha kwacha 75,000, kila kitakachotokea baada ya mwaka wa 99 hadi mwisho wa dunia leo kinafikia kama kwacha 37. Lakini hati ikibaki na miaka 20, umepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya thamani. Kwa hiyo uliza miaka iliyobaki, si miaka iliyoandikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligeuza hati za kudumu za wasio raia kuwa ukodishaji wa miaka 99. Hesabu hii inaonyesha kwamba, kwa bei peke yake, badiliko hilo lilikuwa dogo kuliko kelele zake.

Sasa tunaweza kwenda Karen, kusini-magharibi mwa Nairobi, chini ya vilima vya Ngong, kitongoji ambacho wengi hukitaja kwanza wanapotaja utajiri wa Kenya. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark. Shamba lilishindwa: mahali pale ni juu mno kwa kahawa, na mwaka 1931 liliuzwa na kugawanywa katika viwanja vikubwa vya eka 20. Udongo uleule ulioshindwa kumlipa mkulima sasa unauzwa kwa makumi ya mamilioni ya shilingi kwa eka moja. Udongo wa Karen haukuongezewa rutuba. Nje ya uzio wake ndiko mambo yalikoongezeka. Nairobi ilikuwa na watu zaidi kidogo ya nusu milioni katika sensa ya 1969. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Umoja wa Mataifa uliweka makao ya shirika lake la mazingira Nairobi katika miaka ya 1970, na mashirika mengine yakafuata na wafanyakazi wanaolipwa kwa dola. Ofisi hizo ziko Gigiri, na vitongoji vya jirani vya Runda na Muthaiga ndivyo vilivyonufaika kwanza, lakini watu hao wanahitaji shule, hospitali na nyumba, nao husambaa. Katika miaka ya 2010 barabara ya Southern Bypass ilikamilika, ikapita ukingoni mwa Karen na Lang'ata. Barabara hufanya kazi ya pampu yetu, inapunguza saa.

Jambo moja huwashangaza watu wanaposoma bei za Nairobi kwa mara ya kwanza: eka moja Kilimani ni ghali mara kadhaa kuliko eka moja Karen. Karen ni makumi ya milioni, Kilimani ni mamia ya milioni. Je, si Karen wanakokaa matajiri? Ndiyo, lakini bei ya ardhi hufuata jumla ya kodi inayoweza kusimama juu ya eka hiyo, haifuati utajiri wa aliyelala juu yake. Kilimani eka moja inabeba ghorofa zenye familia nyingi, kila moja ikilipa. Karen, kanuni za mipango miji zimeshikilia kiwanja cha nusu eka kuwa kidogo kabisa, na chama cha wakazi wa Karen na Lang'ata, kilichopo tangu 1940, kimeipigania kanuni hiyo kwa bidii. Tajiri mmoja hawezi kushindana na kodi za familia arobaini zikijumlishwa.

Kanuni ya nusu eka ina sababu ya kisayansi, na ni haki kuitaja. Sehemu kubwa ya Karen haikuwa na mabomba ya maji taka. Kila nyumba ilikuwa na tangi lake la kuoza na shimo la kunyonya, na visima vya maji vilichimbwa katika ardhi hiyohiyo. Udongo unaweza kusafisha maji machafu, lakini kwa kiasi, na kwa umbali. Kenani na Mantapala wanajua sheria hiyohiyo kwa sura nyingine: viwango vya misaada vinasema choo kiwe walau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini. Tofauti ni kwamba viwango hivyo hupanga makazi ya dharura kwa meta za mraba 45 kwa kila mtu, njia, shule na bustani vikiwemo. Nusu eka ni takriban meta za mraba 2,023. Kiwanja kidogo kuliko vyote cha Karen, kwa kipimo cha Kenani, ni makazi ya watu 45.

Mabomba ya maji taka yakifika, sababu ya udongo inapungua na inabaki sababu ya utulivu. Hapo kanuni inakuwa kitu kingine: inamnyang'anya kila mwenye kiwanja haki ya kujenga ghorofa na kumpa amani ya kutojengewa ghorofa na jirani. Wakazi wengi wanaona badilishano hilo linawafaa. Hata hivyo, familia ambazo zingeishi kwenye ghorofa hizo haziyeyuki. Zinakwenda miji ya nje ya jiji, Rongai, Kitengela, Ngong, zinakaa foleni kila asubuhi, na kodi inapanda huko.

Tuangalie mwenendo wa miaka ya karibuni kwa kutumia hesabu yetu. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na mwezi huohuo serikali iliuza hatifungani ya miundombinu iliyotoa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, bila kodi ya mapato. Katika vitongoji vya matajiri, kodi ya nyumba kwa mwaka mara nyingi haifiki asilimia 7 ya bei yake. Tuseme ni 5. Mtu anayeacha 18 na kuchukua 5 anasema kimoyomoyo kwamba bei itakua kwa asilimia 13 kila mwaka, au ana sababu nyingine: anaogopa shilingi kuanguka, anataka mahali pa kuwaachia watoto, au ana fedha ambayo hataki ionekane benki. Sababu hizo zote zipo. Hakuna hata moja inayotokana na ubora wa nyumba.

Kwa nini basi bei za Karen hazikuporomoka riba ilipopanda? Hapa tuiangalie Marekani mwaka 2008. Huko nyumba nyingi zilikuwa na mikopo, wenye nyumba waliposhindwa kulipa benki zikauza kwa nguvu, na bei ikaanguka mbele ya macho ya wote. Kenya nzima mwishoni mwa 2023 ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Mwenye nyumba ya Karen asiyedaiwa na benki halazimiki kuuza. Akitaka milioni 90 na anayekuja ana 70, anafunga lango na kusubiri mwaka, hata miaka mitatu. Kinachoanguka ni idadi ya mauzo. Bei inayotangazwa husimama palepale huku vibao vya kuuza vikipauka juani, na anayetazama bei peke yake atasema soko ni imara.

Kipimo chenyewe nacho kinaweza kupotosha. Tuseme robo ya kwanza ya mwaka zimeuzwa nyumba tano, kwa milioni 40, 50, 60, 70 na 80. Wastani ni milioni 60. Robo ya pili nyumba ndogo mbili za aina ileile zikose wanunuzi, ziuzwe tatu tu kwa milioni 60, 70 na 80. Wastani sasa ni milioni 70, na gazeti litaandika kwamba bei imepanda kwa asilimia 17, ilhali hakuna nyumba iliyopanda hata shilingi. Soko limedhoofika, na wastani umeenda juu. Ndiyo maana faharasa ya Chama cha Mabenki Kenya, iliyoanza mwaka 2015, hujaribu kuitenganisha nyumba katika sifa zake, yaani vyumba, ukubwa na mahali, ili ilinganishe kitu na kitu cha aina yake. Faharasa zinazotegemea bei ambazo wauzaji wanaomba hupima matumaini pamoja na bei.

Nilisema tutarudi kwenye kisima. Kama bei ya kiwanja inatengenezwa nje ya uzio, na barabara, na mabomba, na idadi ya watu wa mji, basi ni halali kuuliza ni kiasi gani kinarudi kwa waliovilipia. Nairobi ina chombo kizuri kwa kazi hiyo: kodi ya ardhi ya jiji hutozwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, nyumba haihesabiwi, kwa hiyo haimwadhibu anayejenga. Lakini kwa karibu miaka arobaini thamani hiyo ilisomwa kwenye daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Daftari jipya lilipoanza kutumika, kiwango kiliwekwa asilimia 0.115 kwa mwaka. Chukua nusu eka ya Karen, tuseme ya shilingi milioni 30. Ikipanda thamani kwa asilimia 4, mwenyewe anapata milioni 1.2 kwa mwaka huo akiwa amelala. Jiji ambalo kukua kwake ndiko kulikopandisha thamani hiyo linapokea shilingi 34,500, na kwa hizo linatakiwa kuchimba kisima kinachofuata, ilhali wengi wanaohitaji maji wako Rongai na Kitengela, ambako mamlaka yake hayafiki, kwa kuwa ni kaunti nyingine.